Makhalifa na Msahafu: Nani Alikuwa na Kauli?

Chukua msahafu kwenye msikiti wa Maibadhi mjini Unguja, uulinganishe na ule wa msikiti wa Mashafii mtaa wa pili, kisha na ule wa Makhoja Ithnaasheri. Hutakuta sura iliyozidi wala aya iliyopungua. Ni sura 114, kwa mpangilio mmoja, kuanzia Al-Fatiha hadi An-Nas. Na hawa ni watu ambao madhehebu yao yamekhitilafiana kwa zaidi ya karne 13 juu ya nani alistahiki kuongoza baada ya Mtume Muhammad (s.a.w.). Mashia wanaona haki ilikuwa ya Ali tangu siku ya kwanza. Maibadhi wanawakubali Abubakar na Umar, lakini vitabu vyao vya zamani vina lawama nzito juu ya miaka ya mwisho ya Uthman. Masunni wanawahesabu wote wanne kuwa makhalifa waongofu. Halafu wote hawa wanasoma maandishi yaliyotokana na amri ya huyohuyo Uthman, khalifa aliyezingirwa nyumbani kwake na kuuawa na Waislamu wenzake.

Kwa kawaida jambo hili husimuliwa kwa sentensi mbili: Abubakar alikusanya, Uthman akanakilisha. Ni kweli, lakini usimulizi huo unaliruka swali lenye uzito. Ilikuwaje amri ya mtawala mwenye maadui wengi kiasi hicho ikapokewa hata na maadui zake? Mimi naona jibu limo katika namna kazi yenyewe ilivyofanywa. Viongozi wale walikuwa na jeshi, hazina na magavana, lakini kila hatua ya kulihifadhi andiko iliwakuta wakizuiwa, na mara nyingine wakijizuia wenyewe, wasiwe na kauli juu ya neno lililomo.

Tuanze na mwaka 11 Hijria (632), Mtume alipofariki. Qur'ani ilikuwa imeandikwa yote, ila haijawekwa pamoja ndani ya majalada mawili. Wahyi ulikuwa ukiendelea kushuka, na aya mpya huelekezwa mahali pake katika sura iliyokwisha kuanza, kwa hiyo kitabu kisingeweza kufungwa mwandishi wake akingali anasubiri. Waandishi wa wahyi, wakiwemo Zaid bin Thabit na Ubayy bin Kaab, waliandika juu ya ngozi, matagaa ya mtende, mawe bapa na mifupa mipana ya mabega ya wanyama. Hata hivyo hifadhi kuu ilikuwa vifuani. Qur'ani ilisomwa kwa sauti katika swala kila siku, na mtu aliyeihifadhi alikuwa na hadhi ambayo mali haikuweza kuinunua.

Miezi michache baadaye vikazuka vita vya Yamama, katika nchi ya Najd, dhidi ya Musailima aliyedai utume. Waislamu walishinda, lakini wasomaji wengi wa Qur'ani waliuawa. Mmoja wao alikuwa Salim, huria wa Abu Hudhaifa. Mtume alikuwa amewataja watu wanne ambao Qur'ani ichukuliwe kwao: Abdallah bin Masud, Salim, Muadh bin Jabal na Ubayy bin Kaab. Katika mapigano ya siku moja mmoja wa hao wanne akawa ameondoka. Umar bin Khattab ndiye aliyeiona hatari, akamwendea Khalifa Abubakar na kumtaka aamuru Qur'ani ikusanywe.

Abubakar alikataa. Imepokewa katika Sahih ya Bukhari kwamba jibu lake la kwanza lilikuwa kuuliza vipi atafanya jambo ambalo Mtume mwenyewe hakulifanya. Umar aliendelea kumsihi mpaka moyo wake ukaridhia. Akaitwa Zaid bin Thabit, naye akauliza swali lilelile, na baadaye akasema kwamba lau angeamriwa kuhamisha mlima isingekuwa kazi nzito kwake kuliko hiyo. Nimesikia kusita huku kukielezwa kama unyenyekevu tu. Kwangu ni zaidi ya unyenyekevu. Abubakar ni mtawala aliyekuwa vitani, ambaye hakusita hata kidogo kupigana na makabila yaliyokataa kutoa zaka, ilhali masahaba wengine walimshauri apoe. Katika siasa alikuwa mwepesi wa kuamua. Mbele ya andiko akawa mzito, na uzito huo ukawa ndio utaratibu wa kazi nzima.

Zaid hakuwa mzee wala Mkureshi. Alikuwa Ansari wa Madina, mwenye umri wa miaka ishirini na kidogo, mwandishi wa wahyi na hafidh. Angeweza kukaa chini akaandika Qur'ani yote kutoka kichwani mwake, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakufanya hivyo. Aliweka sharti kwamba kila aya ipatikane kwenye maandishi na iwe na ushahidi wa watu wawili. Aya mbili za mwisho wa sura ya At-Tawba alikuwa akizijua kwa moyo, na masahaba wengine pia walizijua, lakini hakuzipata kwa maandishi ila kwa Abu Khuzaima al-Ansari, na hapo ndipo alipoziandika.

Kuna taarifa moja inayolionyesha sharti hilo likifanya kazi. Suyuti ameitaja katika Al-Itqan, kwa kupokea kutoka kwa Laith bin Saad, kwamba Umar mwenyewe alileta aya aliyoijua, inayohusu kupigwa mawe kwa wazinifu, na Zaid hakuiandika kwa sababu Umar alikuwa shahidi peke yake. Huyo ndiye mtu aliyelibuni wazo la kukusanya Qur'ani, mtu wa pili kwa nguvu katika dola, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa khalifa. Alirudishwa na kijana mwenye kalamu. Na alipokuwa khalifa kwa miaka kumi, akiziteka Damascus, Jerusalem na Misri, hakuigusa kazi ya Zaid.

Kurasa zilizokusanywa zilikaa kwa Abubakar mpaka alipofariki mwaka 13 Hijria (634), zikahamia kwa Umar, na Umar alipouawa mwaka 23 (644) zikaenda kwa binti yake, Hafsa, mjane wa Mtume. Hazikwenda kwa khalifa aliyefuata. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa la ajabu, na baadhi ya watafiti wa Ulaya walilifanya hoja ya kutilia shaka habari yote: kama zilikuwa kurasa rasmi za dola, kwa nini ziachwe kwa mwanamke nyumbani kwake? Lakini swali hilo linaleta ofisi za zama zetu katika Madina ya karne ya 7. Hafsa alijua kusoma, Umar alimwamini kusimamia wosia wake, na alikuwa miongoni mwa Mama wa Waumini. Kama kurasa hazikuonwa kuwa mali ya cheo, hapakuwa na sababu ya kuzifunga pamoja na ufunguo wa hazina. Uthman alipozihitaji, ilimbidi atume mtu kuziomba, tena kwa ahadi ya kuzirudisha. Akazirudisha.

Sababu ya kuziomba ilitoka mbali, kwenye mipaka ya Armenia na Azerbaijan. Jeshi la Sham na jeshi la Iraq walikutana huko vitani, na kila upande ukasoma Qur'ani kama ulivyofundishwa: watu wa Sham kwa kisomo cha Ubayy, watu wa Kufa kwa kisomo cha Ibn Masud. Wakaanza kukosoana, kisha kukufurishana. Hudhaifa bin Yaman, aliyeyashuhudia hayo, alifunga safari hadi Madina kumwambia khalifa auwahi umma kabla haujafarakana juu ya kitabu chake kama walivyofarakana Mayahudi na Wakristo.

Uthman aliunda kamati ya watu wanne: Zaid bin Thabit, Abdallah bin Zubeir, Said bin Al-As na Abdurrahman bin Harith. Watatu wa mwisho walikuwa Makureshi, na waliambiwa kwamba wakitofautiana na Zaid waandike kwa lahaja ya Kikureshi, kwa kuwa Qur'ani ilishuka kwa ulimi huo. Tofauti iliyohifadhiwa katika vitabu ni ndogo sana. Walibishana kama neno la sanduku, tabut, liishie kwa herufi ta au ha. Jambo likapelekwa kwa Uthman, akaamua kwa ta. Kwa kadiri taarifa zinavyotupa, mamlaka ya khalifa juu ya maandishi yalifika hapo, kwenye herufi moja ya mwisho wa neno moja.

Nakala zilipelekwa kwenye miji mikuu: Kufa, Basra, Damascus, na kwa mujibu wa wapokezi wengine Makka na kwingineko. Wengine wanasema zilikuwa nne, wengine tano, wengine saba. Kisha ikatoka amri iliyomgharimu zaidi: maandishi mengine yote yachomwe.

Hapa hatuna budi kumpa nafasi mpinzani wake mkubwa, maana mara nyingi hupitwa haraka. Abdallah bin Masud alikuwa Kufa. Alisilimu mapema sana Makka, alipigwa kwa kuisoma Qur'ani hadharani mbele ya Makureshi, na alikumbusha kwamba alikuwa amechukua sura zaidi ya sabini kutoka kinywani mwa Mtume wakati Zaid angali mtoto. Kutengwa katika kazi ile kulimuuma, na alikuwa na haki ya kuumia. Aliwaambia watu wa Kufa wafiche misahafu yao. Utetezi wa kawaida ni kwamba Zaid alikuwa Madina na Ibn Masud alikuwa mbali, na kwamba Zaid ndiye aliyekuwa na uzoefu wa mara ya kwanza. Ni utetezi wenye nguvu, lakini haufuti ukweli kwamba mtu mkubwa kwa elimu aliwekwa kando na uamuzi wa kiserikali.

Hata hivyo kisomo cha Ibn Masud hakikuzimwa. Pamoja na nakala ya Kufa kulikuwa na msomaji, Abu Abdirrahman as-Sulami, aliyefundisha katika msikiti wa mji huo kwa takriban miaka arobaini. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa Asim (aliyefariki 127 H/745), na Asim alifundisha wanafunzi wawili kwa njia mbili. Alimpa Hafs kisomo alichokipokea kwa Sulami kutoka kwa Ali. Akampa Shuuba kile alichokipokea kwa Zirr bin Hubaish kutoka kwa Ibn Masud. Kisomo cha Hafs ndicho kinachosomwa leo katika vyuo vya Mombasa, Lamu na Unguja. Cha Shuuba kingali kinafundishwa kwa wanaosomea elimu ya visomo. Uthman alikuwa amewafunga watu kwenye umbo la maandishi. Ndani ya umbo hilo, lililoandikwa bila nukta wala irabu, sauti ya yule aliyempinga ikaendelea kusikika kwa wasomaji.

Na Ali? Imepokewa katika Kitabul-Masahif cha Ibn Abi Dawud kwamba aliwakataza watu wasimseme Uthman kwa ubaya katika jambo la misahafu, kwa sababu alilifanya mbele ya masahaba na kwa kushauriana nao, na kwamba lau angekuwa yeye mtawala angefanya vivyo hivyo. Taarifa hiyo inaweza kupingwa na mtu anayetilia shaka mapokezi. Lisiloweza kupingwa ni historia yenyewe. Uthman aliuawa mwaka 35 (656), na kuchoma misahafu lilikuwa mojawapo ya makosa waliyomtajia waliomzingira. Ali akashika ukhalifa baada yake. Mji wake mkuu ukawa Kufa, palepale kwa wanafunzi wa Ibn Masud. Kama alikuwa na msahafu mwingine wa kuusimamisha, huo ndio uliokuwa wakati wake. Hakubadilisha neno. Mwaka 37 (657), huko Siffin, jeshi la mpinzani wake Muawiya liliinua misahafu juu ya mikuki, na jeshi la Ali likasita. Ujanja ule ulifaulu kwa sababu pande zote mbili ziliyaona yaliyoinuliwa kuwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaleyale. Hata waliojitenga na Ali siku zile, ambao baadaye Maibadhi walitoka katika mkondo wao na kuenea Basra, Oman na hatimaye pwani yetu, waliondoka na msahafu uleule mkononi.

Mpaka hapa nimetegemea mapokezi, na mapokezi yana udhaifu wake. Bukhari alifariki mwaka 256 (870), zaidi ya karne mbili baada ya Yamama. Mwaka 1977 John Wansbrough wa London alitoa kitabu akidai kwamba Qur'ani ilichukua umbo lake la mwisho karibu miaka mia mbili baada ya Mtume, na habari za Abubakar na Uthman zilitungwa nyuma yake. Dai hilo lilitikisa vyuo vikuu vingi. Leo limebaki na watetezi wachache, na kilicholiporomosha ni ngozi na wino.

Mwaka 1972, mafundi waliokuwa wakikarabati Msikiti Mkuu wa Sanaa, Yemen, walikuta ndani ya dari rundo la kurasa chakavu. Kati yake kuna msahafu ambao maandishi yake ya kwanza yalifutwa na mengine kuandikwa juu. Ya juu ni msahafu wa Uthman. Ya chini, yaliyosomwa kwa msaada wa picha za miale, yana mpangilio tofauti wa sura na tofauti za maneno za aina ileile ambayo vitabu vya Kiislamu viliinasibisha na misahafu ya masahaba. Yaani wapokezi walikuwa wamesema kweli: palikuwa na misahafu mingine, ikaondolewa. Mwaka 2015 chuo kikuu cha Birmingham kilitangaza kwamba ngozi ya kurasa mbili zilizo katika hazina yake, zenye sehemu za sura ya Al-Kahf, Maryam na Ta-Ha, imepimwa kwa kaboni na kupatikana kuwa ya kati ya mwaka 568 na 645.

Ushahidi ninaoupenda zaidi hauhitaji maabara. Mtu yeyote mwenye msahafu anaweza kuukagua leo jioni. Fungua sura ya Ibrahim, aya ya 34, kisha sura ya An-Nahl, aya ya 18. Zote mbili zinasema kwamba mkijaribu kuzihesabu neema za Mwenyezi Mungu hamtazimaliza. Maneno ni yaleyale, matamshi ni yaleyale. Lakini katika Ibrahim neno la neema limeandikwa kwa ta iliyofunguka, na katika An-Nahl kwa ta ya kufumba. Hakuna maana inayobadilika. Mwandishi angeweza kuandika hivi au vile. Mtafiti wa Uholanzi, Marijn van Putten, aliifuatilia tahajia hii katika misahafu ya kale zaidi ya kumi iliyoandikwa katika miji tofauti, na mwaka 2019 akaonyesha kwamba yote inakubaliana ni wapi pafunguliwe na wapi pafumbwe. Watu walioandika kwa kusikia tu wasingeafikiana hivyo. Walikuwa wakinakili kutoka nakala, nayo kutoka nakala, mpaka kufikia chanzo kimoja kilichoandikwa na mkono ambao siku hiyo ulikata ta namna hiyo. Vivyo hivyo kwa tofauti chache, kama arubaini hivi, kati ya nakala za miji: herufi waw iliyo mwanzoni mwa aya ya 133 ya Al-Imran haimo katika nakala za Madina na Sham, neno min katika aya ya 100 ya At-Tawba limo katika nakala ya Makka. Wanazuoni waliziorodhesha bila kuziona aibu. Hakuna khalifa aliyetoa amri zisawazishwe.

Majaribio ya watawala kujitwalia msahafu yalikuwapo, na ni ya kujifunza mengi. Hafsa alipofariki mwaka 45 (665), Marwan bin Hakam, gavana wa Madina, ambaye hakufanikiwa kuzipata kurasa zake akiwa hai, alizichukua kwa nduguye Abdallah bin Umar na kuziangamiza, kwa hofu kwamba siku moja zitatumiwa kuzua shaka. Ilikuwa hasara kubwa kwa historia, na siwezi kuitetea. Huko Iraq, katika zama za Abdulmalik bin Marwan, gavana Hajjaj alisimamia kutiwa nukta za kutofautisha herufi, kazi inayonasibishwa na Nasr bin Asim na Yahya bin Yaamar, baada ya Abul-Aswad ad-Duali kutangulia na nukta za irabu. Kisha Hajjaj akatuma misahafu yake mikoani. Misri ilitawaliwa na Abdulaziz bin Marwan, ndugu wa khalifa mwenyewe, naye alikasirika kuona gavana mwenzake anamtumia msahafu. Akaagiza wake uandikwe, na akatangaza zawadi, ikiwemo dinari 30, kwa atakayeona kosa. Imepokewa kwamba msomaji mmoja kutoka Kufa alilipata: katika sura ya Sad, aya ya 23, kwenye neno la kondoo jike, herufi mbili zilikuwa zimepishana. Gavana akalipa, na ukurasa ukarekebishwa.

Karne mbili baadaye dola ilitumika upande mwingine, kuilinda mipaka iliyokwisha kuwekwa. Mjini Baghdad, Ibn Mujahid (aliyefariki 324 H/936) alikuwa amevichagua visomo saba kuwa kipimo, na mwaka 323 (935) msomaji aitwaye Ibn Shannabudh alifikishwa mbele ya waziri Ibn Muqla kwa kusoma hadharani yaliyokwenda kinyume na maandishi ya Uthman. Alichapwa mpaka akatubu. Kuna ukatili pale ambao mtu hawezi kuufumbia macho. Lakini tazama nani aliyekuwa mshitaki: walikuwa wasomaji wenzake. Waziri alikuwa na fimbo. Hoja ilikuwa yao, na kipimo kilikuwa maandishi ya khalifa aliyekufa karibu karne tatu kabla, ambayo waziri mwenyewe asingeweza kuyagusa.

Uchapishaji uliporudisha tatizo la zamani kwa sura mpya, njia ilikuwa ileile. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule za Misri zilikuwa zikitumia misahafu iliyochapwa nje yenye makosa. Iliundwa kamati chini ya Sheikh Muhammad bin Ali al-Husaini al-Haddad, na msahafu wa Cairo ukatoka mwaka 1924, enzi ya Mfalme Fuad. Kiwanda cha Mfalme Fahd huko Madina, kilichofunguliwa mwaka 1984, kinachapa kwa kisomo cha Hafs kwa ajili ya nchi nyingi, zikiwemo zetu, na kwa Warsh, Qalun na Duri kwa ajili ya Maghrib, Libya na Sudan. Misahafu hiyo ya Madina imejaa majumbani na misikitini pwani nzima, mingi ikiwa imeletwa na mahujaji. Nyuma yake kuna kurasa za maelezo ambazo wengi hatuzifungui. Zinasema tahajia imefuata yale wanazuoni waliyoyapokea kuhusu misahafu aliyoituma Uthman, kwa mapokezi ya Abu Amr ad-Dani na Abu Dawud Sulaiman bin Najah, na pale wawili hao wanapotofautiana kwa kawaida hushikwa kauli ya Abu Dawud. Jina la mfalme aliyegharimia liko kwenye kurasa za mbele. Kauli juu ya herufi wamebaki nayo watu wawili wa Andalusia, mmoja aliyefariki mwaka 1053, mwingine 1103.